Ile nyota inayometameta ni ipi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaoanza kutazama anga

Watu wakiniuliza habari za anga, karibu wote huanza na "ile nyota": ile iliyo juu ya paa la jirani, ile ya upande wa bahari, ile inayowaka kama taa mbovu. Hapa nimekusanya maswali yanayorudi kila mwaka. Majibu yanamfaa aliye Dar es Salaam au karibu, yaani digrii 7 hivi kusini mwa ikweta. Aliye Mombasa, Nairobi, Kigali au Bujumbura ataona karibu yale yale, na pale tofauti inapokuwa kubwa nimesema. Saa ni zetu za kawaida: saa 2 usiku ni baada tu ya Isha.

## Mambo ya kwanza

Ile nyota kali inayowaka rangi rangi inaitwaje?

Kama umeiona usiku wa mapema kati ya Desemba na Mei, karibu kila mara ni Shira, ambayo ramani za anga huiandika Sirius. Ndiyo nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Katikati ya Desemba, saa 2 usiku, huwa bado iko chini upande wa mashariki. Mwanzoni mwa Machi, saa hiyo hiyo, iko karibu na utosi. Mwishoni mwa Mei inainamia magharibi.

Kuthibitisha ni rahisi. Tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, karibukaribu, zenye mwanga unaolingana. Huo ni ukanda wa kundinyota la Jabari (Orion). Ufuate mstari huo kuelekea kusini-mashariki, na nyota kubwa nyeupe utakayoifikia ndiyo Shira. Ukiufuata upande wa pili utafika kwenye Aldebaran, yenye rangi ya chungwa.

Kama ni miezi mingine, au uliyoiona iko kaskazini, soma sehemu ya "Nyota zenyewe" hapa chini.

Kwa nini nyota humeta?

Nyota yenyewe haimeti. Inayotikisika ni hewa yetu.

Umewahi kutazama lami saa 8 mchana, au juu ya jiko la mkaa lililokolea, ukaona vitu vya nyuma yake vinachezacheza? Hewa ya joto na hewa ya baridi hupindisha mwanga kwa viwango tofauti. Angani mafundo ya hewa kama hiyo yapo kwa maelfu, na upepo unayasukuma bila kupumzika. Mwanga wa nyota ukipita humo hukusanywa mara, hutawanywa mara, na jicho linaona nyota inazidi na kupungua mara nyingi kwa sekunde moja.

Nyota ikiwa karibu na upeo wa macho, mwanga wake unakatisha hewa nene zaidi. Ikiwa digrii 30 juu ya upeo, hewa ni mara 2 ya ile ya utosini. Ikiwa digrii 10, ni zaidi ya mara 5. Pale pale kwenye upeo inakaribia mara 40. Ndiyo maana nyota ile ile inayohangaika saa 1 jioni inaweza kutulia kabisa ifikapo saa 5 usiku. Ni ile ile, imepanda tu.

Mbona sayari hazimeti?

Kwa sababu ya upana. Shira ni pana kuliko Jua, lakini iko umbali wa miaka ya nuru 8.6, yaani mwanga wake huchukua miaka 8.6 kutufikia. Kutoka hapa kwetu, upana wake unaonekana kama sarafu ya sentimita 2.5 iliyowekwa Mwanza na kutazamwa kutoka Dar es Salaam. Mwanga wake unafika kama uzi mmoja mwembamba, na fundo moja la hewa linatosha kuuyumbisha wote.

Sayari ya Mshtarii (Jupiter), kwa sarafu hiyo hiyo, ni kama imewekwa mita 130 hivi kutoka ulipo. Bado ni ndogo kwa macho, lakini mwanga wake unakuja kama kamba yenye nyuzi nyingi. Huu ukiyumba kushoto, ule unayumba kulia, na jumla inabaki tulivu. Kwa hiyo taa kali iliyotulia angani, ishuku kwanza kuwa sayari. Kuna hali chache ambapo kanuni hii inavunjika, nazo ziko katika "Maswali ya wenye macho makali".

Nitazame nini kabla ya kuuliza jina?

Hili ndilo ninalotamani kila anayeanza alijue, kwa sababu jina la nyota hupatikana kwa saa na upande, na mmeto wenyewe hauna jina. Nyota yoyote inaweza kumeta. Lakini kwa tarehe fulani, saa fulani, upande fulani, nyota kali zinazoweza kuwa pale ni moja au mbili tu.

Kwa hiyo shika alama hizi tano: tarehe na saa, upande, ukipima kwa mahali jua lilipozama na si kwa kukisia, kimo chake, rangi, na kama inameta au imetulia. Kimo kipime kwa ngumi. Nyoosha mkono kabisa, kunja ngumi, funga jicho moja. Upana wa ngumi ni digrii 10 hivi, na kidole kidogo ni digrii 1. Ngumi tisa zikipandiana kutoka upeo wa macho hufika utosini. "Nimeona nyota kali sana" halijibiki. "Tarehe 15 Januari, saa 3 usiku, kaskazini, ngumi tatu juu, inameta" linajibika papo hapo: ni Capella.

## Nyota zenyewe

Kwa nini Shira inabadilika rangi: nyekundu, kijani, buluu?

Desemba moja nilikuwa nimekaa barazani, mtoto wa jirani akaja mbio. "Shikamoo mjomba! Kuna taa ya polisi juu ya minazi." Nikaitikia marahaba, tukatoka wote. Juu kidogo ya makuti ilikuwapo Shira, ikitema nyekundu, kijani, buluu, nyeupe, haraka kiasi kwamba huwezi kuzihesabu. Tukakaa. Baada ya saa nzima ilikuwa imepanda ngumi moja na nusu, na ile nyekundu na kijani zilikuwa zimefifia. Ilibaki nyeupe inayotetema. Yule mtoto ndiye aliyesema mwenyewe: "Kumbe rangi zilikuwa za huku chini."

Ndivyo ilivyo. Hewa inapopindisha mwanga huupasua pia katika rangi zake, kama inavyofanya kipande cha kioo au tone la mvua. Karibu na upeo wa macho kila rangi inapita njia yake kidogo, na mafundo ya hewa yanazizuia na kuziachia kwa zamu. Nyota zote hufanyiwa hivyo. Shira inaonekana zaidi kwa sababu ina mwanga mwingi na ni nyeupe, kwa hiyo rangi zote zimo.

Chini ya Shira, upande wa kusini, kuna nyeupe nyingine kali. Ni ipi?

Hiyo ni Suheli, au Canopus, ya pili kwa mng'ao usiku. Shira ikiwa karibu na utosi mwezi Machi, geuka kusini na ushuke ngumi tatu na nusu hivi. Kutoka Dar es Salaam kimo chake kikubwa ni digrii 44 juu ya upeo wa kusini. Inaonekana hafifu kuliko Shira, lakini ni kwa sababu ya umbali tu. Iko miaka ya nuru 310 hivi, na kwa kweli ni jitu la nyota.

Nyota hii ina historia ndefu kwa watu wa bahari. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, suheli ni jina la upande wa kusini, kama jaa lilivyo la kaskazini. Ndugu zetu walioko Oman na Ghuba bado wanaingoja kila mwaka. Inapoanza kuonekana alfajiri mwishoni mwa Agosti, huhesabiwa kuwa joto kali limeanza kuvunjika.

Nimeona nyota nyekundu. Ni sayari ya Mirihi (Mars)?

Pengine, lakini usikimbilie huko. Nyota nne zenye wekundu au uchungwa huwachanganya watu.

Betelgeuse ni bega la Jabari, na iko upande wa kaskazini wa ule ukanda wa nyota tatu. Upande wa kusini wa ukanda, kwa umbali karibu sawa, kuna Rigel yenye weupe wa buluu. Zitazame mbili hizi kwa zamu. Hakuna somo bora la rangi za nyota kwa macho matupu. Nyekundu ni ya baridi zaidi, buluu ni ya moto zaidi, kinyume cha rangi za mabomba ya maji.

Aldebaran nimeshaitaja. Arcturus, ya chungwa, mwezi Aprili huwa chini kaskazini-mashariki saa 2 usiku, na hapo humeta vibaya sana. Ifikapo Julai imepanda juu upande wa kaskazini na kutulia. Antares ni moyo wa kundinyota la Nge. Mwanzoni mwa Mei saa 2 usiku ndiyo kwanza inachomoza kusini-mashariki, na Agosti mwanzoni saa hiyo iko juu kabisa. Nge huyu anafanana kweli na nge: ukifuata kutoka Antares utaona mgongo ukijikunja hadi mkia. Jina Antares ni la Kigiriki na maana yake ni mshindani wa Mirihi, kwa hiyo ukizichanganya umewafuata wengi wa kale.

Mirihi yenyewe haina makao. Hukaribia Dunia na kung'aa sana kila miezi 26 hivi. Ilikuwa hivyo Januari 2025, na zamu inayofuata ni Februari 2027. Katikati ya hapo hufifia mpaka inakuwa nyota ya kawaida tu.

Na hii ya kaskazini, chini, inayometa sana?

Januari na Februari ni Capella. Mwishoni mwa Juni na Julai, kaskazini-mashariki, ni Vega. Kutoka Dar es Salaam Capella haivuki digrii 37 hivi, na Vega digrii 44, kwa hiyo mwanga wao unapita hewa nyingi muda wote. Huko Ulaya nyota hizi hupita karibu na utosi wa watu. Sisi tunazipata chini, zikiwa na rangi zake zote.

Nyota mbili kali za kusini zilizokaa jirani ni zipi?

Alfa na Beta za kundinyota la Kantori (Centaurus). Ile yenye unjano kidogo ni Alfa, jirani yetu wa karibu kuliko nyota zote zinazoonekana kwa macho matupu baada ya Jua: miaka ya nuru 4.4 hivi. Mwenzake anaonekana yuko naye bega kwa bega, kumbe yuko mbali zaidi kwa karibu mara 90. Aprili hadi Septemba ndiyo miezi yake.

Mstari kutoka Alfa kupitia Beta unakupeleka kwenye Msalaba wa Kusini. Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, saa 2 usiku, Msalaba husimama wima, na mguu wake unaonyesha kusini kamili. Siku nyingine, refusha mti mrefu wa Msalaba mara 4 na nusu, kisha shuka moja kwa moja hadi chini. Hapo ndipo kusini.

Kilimia ni nyota gani?

Kilimia si nyota moja. Ni kishada cha nyota ndogo, sita au saba kwa macho ya kawaida, kinachoonekana mwanzoni kama moshi. Novemba usiku wa mapema kiko mashariki, kidogo kuelekea kaskazini. Ukanda wa Jabari na Aldebaran vinakielekeza, ukiendeleza mstari mbele kidogo.

Nakiweka hapa ingawa hakina mng'ao mkali, kwa sababu ndicho kilichobeba kalenda ya wakulima wetu, na jina lenyewe linatokana na kulima. Wazee walisema: *Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.* Ukitazama mwenyewe utaona walichokiona. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, masika yakiwa bado yanaendelea, Kilimia kinazama magharibi pamoja na jua na kupotea. Juni kinarudi alfajiri upande wa mashariki, na pwani anga limeshatakata.

## Zinazodhaniwa kuwa nyota

Kuna taa kubwa magharibi baada ya magharibi, haimeti kabisa.

Ni sayari ya Zuhura (Venus), kama ni nyeupe na kali kuliko zote. Haiachani na Jua. Haivuki digrii 47, kwa hiyo utaiona saa chache baada ya machweo au kabla ya macheo, na huwezi kuikuta usiku wa manane. Nyota ya jioni na nyota ya asubuhi ni yeye huyo huyo kwa zamu. Taa kali iliyotulia juu kabisa saa 6 usiku basi si Zuhura. Mara nyingi ni Mshtarii.

Ile iliyogandamana na mwezi ina maana gani?

Mwezi kila mwezi huzunguka njia ile ile ya anga ambayo sayari hupita, kwa hiyo lazima uzipite. Machi 24, 2023, mwanzoni mwa Ramadhani, mwezi mchanga na Zuhura vilikaribiana mno na simu zikajaa picha. Kuvutia, kulivutia kweli. Lakini siku iliyofuata mwezi ulikuwa umeshasogea zaidi ya ngumi moja.

Inatembea. Ni nini?

Ikiwa na taa nyekundu au kijani zinazopepesa, ni ndege. Ikiwa nyeupe, imetulia, inakatisha anga kwa dakika chache bila sauti, ni satelaiti. Ile kali kuliko zote kwa kawaida ni Kituo cha Anga cha Kimataifa. Mlolongo wa taa kama shanga ni satelaiti za Starlink zilizorushwa karibuni. Zilianza kurushwa hivyo mwaka 2019. Mchirizi wa sekunde moja ni kimondo.

## Vifaa

Ninahitaji darubini?

Kwa kutambua nyota, hapana. Darubini kubwa inaonyesha kipande kidogo cha anga, na anayeanza hupotea humo. Unachohitaji ni giza na subira. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kuwasha simu mara moja kunakurudisha mwanzo. Epuka siku za mwezi mpevu. Pwani, miezi ya Juni hadi Agosti kwa kawaida ndiyo yenye anga safi. Masika hukunyima wiki nzima nzima.

Ukiwa na hela ya kifaa kimoja, nunua darubini ya macho mawili, ya 7x50 au 10x50. Kitazame Kilimia nayo.

Programu za simu zinasema kweli?

Ramani yake ni sahihi. Dira ya simu ndiyo hukosea, hasa karibu na gari, bati au nondo za ghorofa. Nimeona watu wakibishana na anga kwa sababu simu imewaambia vingine. Anza na kitu unachokijua, mfano mwezi. Kama simu inauonyesha pembeni ya ulipo, rekebisha kwa kiasi hicho. Stellarium ni ya bure kwenye kompyuta, na inakuruhusu kuweka mji wako na saa yako.

Naweza kupiga picha ya ule mmeto?

Ndiyo, na inafurahisha. Fungua mipangilio ya mkono ya kamera, weka sekunde 2 au 3, elekeza kwenye Shira ikiwa chini, kisha izungushe simu taratibu ikiwa inapiga. Badala ya nukta utapata uzi, na uzi huo umekatika vipande vipande vya rangi. Fanya hivyo kwa Mshtarii ulinganishe: uzi utakuwa wa rangi moja.

## Maswali ya wenye macho makali

Lakini nimeona Zuhura ikimeta!

Inawezekana. Sayari ikiwa kwenye upeo wa macho, hewa inakuwa nene kiasi cha kuitikisa hata hiyo, hasa Zuhura ikiwa hilali nyembamba na Mirihi ikiwa mbali. Kinyume chake, Shira utosini usiku wa hewa tulivu inaweza kusimama kama sayari. Kwa hiyo mmeto ukiwa chini ya ngumi mbili usiutegemee peke yake. Rudi kwenye saa na upande.

Nyota ya Kaskazini iko wapi? Naitafuta Dar es Salaam siioni.

Hutaiona. Kimo chake hulingana na umbali wako kaskazini mwa ikweta, na kwetu iko chini ya upeo. Kaskazini kabisa mwa Kenya iko chini mno, imezama kwenye vumbi. Ukifika Muscat utaikuta digrii 23 na nusu hivi juu. Kwa kubadilishana, sisi tunapata Msalaba wa Kusini mzima, na kwa mwaka mmoja tunaona karibu nyota zote za pande zote mbili za anga.

Mwezi jana ilikuwa mashariki saa 2, sasa iko juu. Imehama?

Kila nyota huchomoza dakika 4 mapema kuliko jana. Kwa mwezi ni saa 2, yaani digrii 30 au ngumi tatu. Nyota zote zinaenda pamoja bila kubadili mpangilio. Iliyobadili nafasi yake kati ya jirani zake ni sayari.

Betelgeuse ililipuka?

Bado. Kuanzia mwishoni mwa 2019 hadi Februari 2020 ilififia mpaka kila mtu akaiona, na uvumi ukaenea. Iliyoifunika ni wingu la vumbi iliyolitoa yenyewe, na baadaye mng'ao ukarudi. Siku moja italipuka kweli, lakini siku hiyo huenda iko mbele kwa makumi ya maelfu ya miaka.

Nikiikazia macho nyota moja, inaanza kusogea huku na huku.

Hayo ni macho yako. Nukta moja kwenye giza tupu, bila kitu cha kulinganisha, huonekana kutangatanga. Simama mahali ambapo nyota inagusana na ukingo wa paa au ncha ya mnazi, egemeza kichwa ukutani, utaona imetulia, ikipanda au kushuka polepole tu.

Nimefanya yote hayo na bado siijui.

Andika zile alama tano, kisha rudi baada ya saa moja, mahali pale pale. Cha angani kitakuwa kimesogea ngumi moja na nusu, isipokuwa kiwe chini kabisa kusini au kaskazini, ambako vitu husogea kidogo. Kama hakijasogea hata kidole kimoja, ngoja alfajiri uone kuna mnara gani upande huo.